Samaki "Anayepatana": Anapatana na Nani?

Katika muda wa mwezi mmoja nimelisikia neno "anapatana" likitumiwa visivyo mara tatu, na mara ya tatu lilitoka kwa muuzaji mzoefu wa samaki wa mapambo, aliyenionyesha kangaja wa buluu mwenye koo jeupe, yule ambaye wataalamu humwita Acanthurus leucosternon, akaniambia, "Huyu chukua tu, anapatana." Nyumbani nina tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, na humo tayari anaishi kangaja mwingine.

Maana yenyewe haina ugumu. Samaki hupatana na tangi la matumbawe iwapo anaweza kuishi humo bila kuwala wala kuwajeruhi waliomo, bila yeye kuliwa wala kujeruhiwa nao, na akiwa na nafasi na chakula cha kumtosha hadi atakapofikia ukubwa wake wa utu uzima. Tatizo limo katika neno tunalolitumia, kwa kuwa tumelikata mkia.

Kitenzi "patana" kimetokana na "pata", kikaongezwa kiambishi cha kutendana, kile kile kilichomo katika "pendana", "pigana" na "saidiana". Kiambishi hiki hakikubali mhusika mmoja. Wanaopatana bei ni muuzaji na mnunuzi, na bei haijapatwa mpaka wote wawili waikubali; mapatano huwa baina ya pande mbili, na mpatanishi huitwa pale ambapo pande hizo zimeshindwa kukutana zenyewe. Ukisema "Juma anapatana" ukanyamaza, msikilizaji atasubiri umalizie. Linganisha na "patikana", ambalo limetoka katika shina hilo hilo lakini halina haja ya mwenzi: samaki huyu anapatikana Mombasa, na sentensi imetimia. Naona kwamba wauzaji wengi husema "anapatana" kwa namna ile ile wanavyosema "anapatikana", kana kwamba kupatana ni sifa ambayo samaki amezaliwa nayo, kama rangi ya mapezi yake. Kupatana ni uhusiano, nao hubadilika kila anapobadilika mmoja wa wahusika.

Kosa la pili, ambalo kwangu linaudhi zaidi, ni kulifanya neno hili kuwa sawa na "salama kwa matumbawe". Usemi huu wa "salama kwa matumbawe" angalau umejieleza wenyewe, kwa sababu umetaja ni nani anayesalimika. Chewa ni salama kwa matumbawe: hayatafuni, hujificha tu chini yake akivizia, na usiku mmoja anaweza kukumalizia samaki wote wanaotosha kinywani mwake, pamoja na kamba uliowanunua kwa bei ya kuumiza. Kwa upande mwingine yuko kitatange wa aina ya Chaetodon trifasciatus, anayeonekana katika miamba ya pwani yetu. Watu wa pwani humwita kitatange mtu mchonganishi, na kwa samaki huyu nadhani jina limemwonea, maana mara nyingi hana ugomvi na samaki wa jamii nyingine. Ila chakula chake ni polipu, yaani viumbe wadogo laini wanaounda matumbawe hai, na akizikosa hudhoofika kwa njaa hata ukimwekea vyakula vingine mbele yake. Chewa hupatana na matumbawe na hapatani na samaki wadogo, kitatange ni kinyume chake, na muuzaji anayewaita wote wawili "wapatanifu" au wote wawili "wakorofi" hajamsaidia mnunuzi kwa lolote.

Hata huyo chewa ana anayepatana naye. Katika miamba ya Bahari ya Hindi yuko samaki mdogo mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, Labroides dimidiatus, ambaye kazi yake ni kuwatoa samaki wengine wadudu wanaowanyonya, na chewa humfumbulia kinywa akaingia, akasafisha, akatoka salama. Hapo ndipo kitenzi chetu kinapokaa mahali pake, kwa kuwa kila upande umepata.

Watu wengi pia hudhani kwamba samaki wanaofanana watapatana kwa sababu ni ndugu. Kwa kawaida huwa kinyume. Kangaja hula mwani unaoota juu ya mawe, na kangaja mwingine mwenye umbo lile lile na mlo ule ule ni mshindani wake wa kwanza kabisa. Naye ana kiwembe pembeni mwa shina la mkia, na hukitumia. Aliyetangulia kuingia hujiona mwenye mji, ndiyo maana wafugaji huwaingiza wapole kwanza na wakali mwisho, na wengine huyapanga mawe upya siku ya kumwingiza mgeni ili mwenyeji naye apoteze mipaka yake. Ukubwa wa tangi nao ni mhusika. Paracanthurus hepatus, kangaja wa buluu iliyokolea mwenye mkia wa njano, huuzwa akiwa na urefu wa sentimita 5 hivi, na anaweza kufikia sentimita 30; kupatana kwake na tangi la lita 100 ni kwa muda tu.

Wakati wenyewe huleta mabadiliko. Samaki wa anemone, jamii ya Amphiprion wanaoishi kati ya minyiri ya anemone, mnyama laini wa baharini, huanza maisha wote wakiwa madume, na aliye mkubwa kuliko wenzake katika kundi ndiye huwa jike. Kwa hiyo wadogo wawili mara nyingi watapatana, kwa kuwa mmoja atatangulia kukua na mwingine atabaki dume wake. Lakini majike wawili waliokwisha kukomaa, hata wakiwa wa aina moja na rangi moja, watapigana mpaka mmoja ashindwe. Aina ni ile ile, na jibu limegeuka.

Muuzaji wangu sikumgombeza. Nilimwambia tu kwamba sentensi yake ilikosa "na", kisha nikamtajia waliomo tangini mwangu mmoja mmoja, nikaanza na matumbawe, nikaja kwa samaki wawili wa anemone na kamba, nikamalizia kwa yule kangaja wa zamani. Kwa matumbawe alisema anapatana nayo. Kwa samaki wa anemone na kamba alisema vivyo hivyo, bila kusita. Tulipofika kwa kangaja alimtazama samaki wake kwa muda, akasema, "Na huyo, hapana."