Nafsi tatu si akili tatu

Jumamosi iliyopita, kwenye semina ya makatekista, mmoja wao alichora ubaoni viti vitatu kuzunguka meza. "Baba hapa, Mwana hapa, Roho hapa. Wanashauriana, wanapatana, ndiyo umoja wao." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nikachukua kifutio. Nimefundisha somo hili la Utatu, yaani Mungu mmoja katika Nafsi tatu, miaka mingi, na viti hivyo havijakosa kuchorwa hata mara moja.

Watatu wanaopatana ni watatu. Kamati ikiamua kwa kauli moja, wajumbe hawageuki kuwa mjumbe mmoja.

Chanzo ni neno lenyewe. Nafsi kwetu ni undani wa mtu: nafsi yangu inanisuta. Ukiambiwa Nafsi tatu, unasikia dhamira tatu. Wagiriki waliposema hipostasisi na Walatini persona, maneno tunayoyaita Nafsi, hawakumaanisha kitovu cha fahamu kinachojitegemea. Maana hiyo ilikomaa Ulaya karne nyingi baadaye. Ndiyo maana mwanateolojia Karl Barth, mwaka 1932, alipendelea kusema "namna ya kuwa", na mwenzake Karl Rahner, mwaka 1967, akaonya kwamba msikilizaji wa leo atasikia miungu watatu. Mwanateolojia mwingine, Jürgen Moltmann, akawapinga mwaka 1980: yeye huanza na watatu, na umoja wao ni kukaa kila mmoja ndani ya mwenzake. Naiheshimu hoja yake, maana Gethsemane Mwana anamwomba Baba kweli. Lakini tazama njia hii inakoelekea. Mwaka 1994 mwanafalsafa Richard Swinburne ilimbidi aeleze kwa nini Nafsi hizo hazigongani katika kutenda, akategemea mgawanyo wa majukumu unaopangwa na Baba. Mungu anayehitaji mgawanyo wa majukumu siye ninayemsadiki Jumapili.

Askofu Gregori wa Nisa alishalijibu hili karne ya 4. Wakulima watatu, kila mmoja analima lake. Tendo la Mungu ni moja: linatoka kwa Baba, linapitia kwa Mwana, linakamilika katika Roho Mtakatifu. Utashi ni mmoja. Kinachozitofautisha Nafsi ni uhusiano: Baba anazaa, Mwana anazaliwa, Roho anatoka.

Ushauri wangu kwa kila katekista: anzia kwenye sarufi. Nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna "wewe" bila anayesema "mimi". Hapo nafsi ni nafasi katika uhusiano, wala hakuna anayewaza akili tatu. Mfano huu nao una mwisho wake, ila unamwelekeza mtu panapofaa. Agostino mwenyewe alikiri kwamba tunasema "Nafsi tatu" ili tusinyamaze tu.

Maji, barafu na mvuke? Huo ni Usabelio, uzushi wa kale, tafadhali uacheni. Mungu havai hali tatu kwa zamu. Pale Yordani Mwana yumo mtoni, Roho anashuka, na sauti ya Baba inasikika.

Wengine, wakiambiwa mihadharani kwamba 1+1+1=3, hujibu kwamba 1×1×1=1. Nani amezidisha nini? Fundisho linasema uungu mmoja, Nafsi tatu. Halisemi Mungu mmoja ni Miungu watatu. Swali gumu kweli ni hili: Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, basi mbona Baba siye Mwana? Mwanafalsafa Peter Geach alishikilia kwamba ukisema "ni yule yule" lazima utaje ni yule yule nani: Mungu yule yule, si Nafsi ile ile. Wanafalsafa wengi hawakuridhika, lakini angalau hapo pana hoja ya kujadili.

Wapo wanaodai kwamba Kaizari Konstantino aliubuni Utatu kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 325. Lakini Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Kilatini, alishaandika "trinitas" yapata miaka 100 kabla. Nisea ilishughulika na Ario, padre aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe, na uungu wa Mwana. Kuhusu Roho ilitamka maneno machache mno, yakapanuliwa kwenye mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381.

Na "ni fumbo, usiulize"? Nimewasikia makatekista wakiwaambia hivyo watoto wa kipaimara. Neno moja la kanuni ya imani ya Nisea, "mwenye umungu mmoja na Baba", maaskofu waliendelea kuligombania kwa zaidi ya miaka 50 baada ya kulikubali. Mwacheni mtoto aulize.