Risasi za machubwi: yanayosemwa pwani kuhusu kalibu, moto na vumbi, na ukweli wake

Nianze na neno lenyewe maana mkanganyiko unaanzia hapo. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki na risasi ni madini yenyewe, ile metali laini ya kijivu ambayo ukiishika unashangaa uzito wake, na mimi hapa naongelea hiyo ya pili, tunayoyeyusha na kumimina kwenye kalibu, yaani umbo la kumiminia, kusubu machubwi (vizito vya mshipi) na vizito vya nyavu. Nimekulia Tanga, baba mdogo ni mvuvi wa mshipi na machubwi yake alikuwa anasubu mwenyewe uani kwa bibi, sisi watoto tumechuchumaa pembeni tunasubiri yapoe tuyachezee. Naandika kwa sababu bado naona watu wanafanya vilevile mpaka leo, alafu ukikaa nao wanabishana kalibu gani nzuri saa nzima, ila yale yanayoumiza watu kweli hayatajwi kabisa.

"Kalibu ya alumini itayeyuka, tafuta ya chuma."

Hii nimeisikia sana na sio kweli. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 hivi za sentigredi, alumini mpaka 660, kwahiyo risasi iliyoyeyuka ya kawaida tu haiwezi kuyeyusha kalibu ya alumini. Marekani wapo watu wanasubu vichwa vya risasi za bastola gereji kwao, kule ni hobi na sehemu nyingi inaruhusiwa (kwetu kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni jinai, hilo lieleweke), na kalibu za alumini wanazitumia miaka na miaka, za chuma pia. Tofauti iko kwenye matumizi. Alumini ni nyepesi, inapata moto haraka na haishiki kutu, na kwetu huku upepo wa chumvi hilo la kutu sio dogo maana kalibu ya chuma ukiiacha bila mafuta wiki mbili tu ushaikuta nyekundu, alafu ukiipaka mafuta inabidi uyafute yote kabla ya kumimina, la sivyo machubwi yanatoka na matundu. Udhaifu wa alumini ni ulaini, mtu chubwi likigoma kutoka anaigonga kalibu yenyewe na nyundo, kingo zinabonyea, vipande viwili havifungani tena sawasawa na kila chubwi linatoka na mapezi pembeni. Gonga kwenye bawaba, tena kwa kipande cha mti, chubwi litadondoka tu.

Sasa cha ajabu ni kwamba watu haohao wanaoogopa kalibu ya alumini wanayeyushia risasi kwenye sufuria kuukuu ya alumini! Hapo ndo pa kuogopa. Mkaa ukipulizwa vizuri joto lake linapita hizo 660 bila shida, sufuria yenyewe imeshaliwa kitako miaka ya kupikia maharage, ndani umeweka kilo tano au sita za risasi. Jirani yetu mmoja kitako kilibonyea polepole kama mtu anavyobonyeza embe bivu, alafu kikaachia, risasi yote ikashuka kwenye jiko na kutambaa sakafuni kama maji yanayong'aa, alipona kwa sababu alikuwa ameinuka kwenda kuchukua koleo. Tumia karai la chuma au chungu cha chuma kizito, alumini iwe kwenye kalibu tu.

"Kalibu yenye mashimo mengi ndio kazi inaenda haraka." Inaenda haraka kama una moto wa kutosha na risasi ya kutosha kwenye upawa, la sivyo unajaza mawili la tatu linaganda njiani. Anayeanza achukue ya shimo moja au mawili. Na saizi usichague kwa macho, chagua kwa maji unayovulia: bamvua mkondo unavuta, chubwi la gramu 100 linaburutwa tu, maji mafu chubwi hilohilo linakaa chini vizuri na unasikia samaki anavyogusa. Baba mdogo alikuwa na kalibu tatu tu na zilimtosha changu, tasi na chewa.

Kuhusu machubwi kutoka na mikunjo kama ngozi ya kiwiko, watu wanasema "risasi hii mbovu" wanaenda kutafuta nyingine. Mara nyingi risasi haina kosa, kalibu ndo ya baridi au ina mafuta. Machubwi manne matano ya kwanza yatoke mabaya, yarudishe kwenye karai, kalibu ikishapata joto yenyewe yanatoka laini. Yakianza kuwa meupe meupe kama yameota ukungu ujue sasa joto limezidi, pumzika kidogo. Wazee walikuwa wanafukiza kalibu kwa kibatari mpaka ndani ishike masizi, na hiyo inasaidia kweli chubwi kuachia.

Ila kuna jambo la kalibu ambalo natamani kila mtu alisikie.

"Mchanga ukiwa na unyevu kidogo ndo unashika umbo vizuri, haina neno." Ina neno! Wengi pwani hawana kalibu ya kununua, wanabonyeza kijiti au kipande cha bomba kwenye mchanga wa ufukweni wanamimina humo, wengine wanatengeneza kalibu ya sementi au plasta. Maji yakigeuka mvuke yanatanuka mara elfu moja na mia sita hivi, kwahiyo kijiko kidogo tu cha unyevu chini ya risasi ya moto kinataka nafasi kubwa ghafla na nafasi yenyewe hakuna, kinachofuata ni risasi yote kurushwa juu usoni kwako. Na plasta inadanganya zaidi, kwa nje imekauka kabisa unaigusa kama chokaa, ndani ina maji bado, inatakiwa kukaa karibu na moto masaa mengi sana kabla hujaiamini. Vilevile kutupia kipande cha risasi kilicholowa kwenye karai ambalo limeshayeyuka, tone moja la jasho linaloanguka juu linachezacheza na kupotea ila kipande chenye maji kinachozama na maji yake ndicho kinacholipuka. Nimeona alama za risasi kwenye bati la paa, mita tatu juu ya jiko, vitone vidogo vimeganda huko kama nyota. Vaa miwani, viatu vya kufunika mguu sio malapa, shati la mikono mirefu la pamba, na kila kinachoingia kwenye karai kikauke kwanza pembeni ya moto.

"Risasi ni risasi tu, popote unapoitoa."

Hapana. Vile vizito vidogo vya kubalansia ringi za magari vinaokotwa sana kwa mafundi tairi, ila siku hizi vingi sio risasi. Ulaya walishapiga marufuku vya risasi kwenye magari madogo tangu 2005 na magari yetu mengi yanakuja yametumika, vingi vimekuwa vya zinki au chuma. Cha chuma kitaelea juu ya risasi kama kizibo, kiopoe. Cha zinki ndo shida maana ukizidisha moto kinayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi kinachanganyika, risasi inakuwa nzito kama uji haijazi kalibu, na zinki yenyewe ni nyepesi, kalibu ya gramu 100 ukiijaza zinki tupu unapata gramu 63 tu. Jaribu kwa kisu kabla: risasi inakatika kama sabuni, zinki kisu kinateleza.

Betri za gari ndo usiguse kabisa. Najua ndo risasi rahisi kupatikana, fundi betri anakupa bure au kwa buku mbili, ila zile sahani ndani sio metali tupu, ni unga wa risasi iliyochanganyika na asidi na madini mengine kama antimoni na aseniki, nyingi haiyeyuki hata, inabaki majivu, na majivu yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi za sumu kali. Na ule unga ndo unaoua watoto, hapa siongezi chumvi. Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa wavuvi pembeni ya Dakar, Senegal, watu walikuwa wanatoa risasi kwenye betri wanasubu vizito vya nyavu, kazi yetu hiihii, kwa miaka mingi, mabaki yakachanganyika na mchanga wa mtaa. Bei ya risasi ilipopanda akaja mtu kununua ule mchanga, kina mama wakawa wanauchimba na kuuchekecha majumbani, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Na sio mbali hivyo, hapo Mombasa mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia watu sumu mpaka Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi humo na mwanae mchanga akapimwa akakutwa na risasi kwenye damu, akalivalia njuga, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Hapo ndo inakuja ile dhana kubwa kuliko zote, kwamba hatari ni moshi na moshi ukiisha hatari imeisha. Risasi safi inachemka kwenye nyuzi 1,749, kwa jiko la mkaa hufiki huko, kwahiyo mvuke wa risasi kutoka kwenye karai linaloyeyusha kistaarabu ni kidogo, unaouona ni uchafu, rangi na mafuta vinaungua. Sisemi uvute, fanyia kazi nje upepo ukiwa mgongoni. Ila kinachoingia mwilini zaidi ni ule ukoko wa kijivu unaoukwangua juu ya karai na kuumwaga pembeni, ni vumbi la kuchonga mapezi kwa tupa, ni mikono uliyoshikia machubwi alafu ukamega nayo andazi au ukawasha sigara, ni kuuma chubwi kwa meno ulibane kwenye mshipi, mimi nimeuma machubwi utoto wangu wote. Alafu lile vumbi unaenda nalo nyumbani kwenye kanga uliyofutia na shati, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo unafyonza risasi mara nne mpaka tano kuliko wa mtu mzima kwa kiasi kilekile alichomeza, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

"Kunywa maziwa yanasafisha." Mafundi rangi, mafundi gereji, wavuvi, wote tunaamini hii na inaniuma maana mtu ananunua pakiti ya maziwa anajiona ameshajilinda. Maziwa hayatoi risasi iliyoingia. Chakula chenye madini ya kalsiamu na chuma kinasaidia mwili usifyonze risasi nyingi, ni kweli, na kufanya kazi hii tumbo tupu ni kubaya, ila ikishaingia inahamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi, na mwanamke akibeba mimba inaweza kutoka kwenye mifupa yake ikamfikia mtoto tumboni.

Na usisubiri kuona dalili. Mtoto mwenye risasi mwilini anaweza kuwa anacheza mpira kabisa, kinachoharibika ni akili, anachelewa kushika masomo, hatulii, watu wanasema mtundu tu. Kujua ni kupima damu, hakuna njia nyingine.

La mwisho ni la sufuria. "Nikiisugua kwa majivu na mchanga inarudi jikoni." Bibi aliamini hivyo na baba mdogo aliamini hivyo, sufuria ileile ya machubwi Jumamosi ilikuwa inachemshia mihogo Jumatatu, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Miaka kama sita iliyopita nilikaa na baba mdogo tukaongea hadi usiku, hakubisha sana, aliuliza tu kuhusu wajukuu. Siku hizi ana karai la chuma na upawa wake, vinakaa bandani ufukweni na shati la kazi, havipandi nyumbani. Sufuria ya bibi aliichukua asubuhi yake, akaipindua kwenye gogo la mnazi akaipiga misumari mitatu kitakoni, bibi anamwangalia, ili asije mtu akaiokota akaipikia.