Kabla Hujaingia Uvunguni mwa Gari

Jeki imetengenezwa kunyanyua gari. Kulishikilia gari juu huku mtu amelala chini yake si kazi ya jeki, iwe ya kukunja au ya mafuta, mpya au ya zamani. Wanafunzi wa ufundi magari hapa Dodoma tunawaambia hivyo kabla hata hawajashika spana. Lakini mwenye gari anayefanya kazi uani kwake Jumamosi hajapita mikononi mwetu, na leo nazungumza naye: mwenye Corolla, Carina, Escudo au Land Rover ya miaka mingi, anayetaka kubadili pedi za breki au kumwaga oili bila kwenda gereji.

Nyumba nyingi za Nzuguni, Mkonze na Ihumwa zina ua wa udongo mwekundu wa kichanga. Wakati wa kiangazi ukiukanyaga unauona mgumu, kumbe ugumu ni wa juu tu. Corolla ya miaka ya 1990 ina uzito wa kilo 1,000 na kidogo, na kona ya mbele, upande wenye injini, hubeba karibu kilo 300. Mzigo huo wote unapita kwenye kitako cha jeki kisichozidi kiganja cha mtu mzima. Jeki haizami wima. Inazama upande mmoja, inalala, na gari linaifuata. Weka chini yake ubao mnene wa inchi 2, mpana kuliko kitako mara kadhaa. Pevingi nazo zisikudanganye, maana zimelazwa juu ya mchanga. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimelowesha ardhi, na hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ahirisha kazi au tafuta sakafu ya zege iliyo tambarare. Kwenye mteremko usinyanyue kabisa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata madereva wa miaka mingi hulikosea. Wengi wanaamini kwamba gari likiwa kwenye gia na breki ya mkono imevutwa, haliendi popote. Sivyo wakati wote. Breki ya mkono ya magari mengi madogo hushika matairi ya nyuma tu, kwa hiyo ukinyanyua nyuma yote haina tena cha kushika. Gia nayo hupitia kwenye difu, na kazi ya difu ni kuruhusu matairi mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Ukiinua tairi moja la ekseli inayoendeshwa na injini, lile la hewani linakuwa huru kuzunguka upande mmoja huku lililobaki chini likizunguka upande wa pili. Gia imeingia, gari linatembea, jeki inalala.

Land Rover za zamani, ambazo bado zinafanya kazi sana vijijini huku kwetu, zinahitaji tahadhari zaidi. Breki yake ya mkono haipo kwenye matairi. Ipo nyuma ya giaboksi na inashika propela shafti, yaani mhimili unaopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli. Nyanyua tairi moja la nyuma, na breki uliyoivuta kwa nguvu zako zote haizuii tena ekseli ile. Ndiyo maana kabla ya kunyanyua unaingiza gia ya matairi manne, na kwenye Defender unafunga difu ya kati, ile iliyo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma.

Kwa gari lolote, kinachozuia kweli ni kabari. Weka mbele na nyuma ya tairi litakalobaki chini, upande ulio mbali na jeki. Kipande cha boriti kilichokatwa kimshazari kinatosha. Jiwe la mviringo halifai, kwa sababu tairi hulisukuma likabiringika nalo.

Halafu kuna kutu. Kwa kuwa Dodoma ni kukavu, watu hudhani gari lao halina shida hiyo, lakini gari halikuzaliwa Dodoma. Huenda liliendeshwa miaka kumi kaskazini mwa Japani ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, kisha likakaa Tanga au Dar es Salaam kwenye upepo wa bahari. Chini ya milango, karibu na kila tairi, kuna ukingo wa bati wenye alama mbili ndogo: hapo ndipo pa kuweka jeki. Pagonge kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hutoa mlio mkali. Bati lililooza hutoa mlio mzito uliofifia, na pengine rangi nyeusi ya chini humeguka ukaona unga wa kahawia. Pakiwa hivyo, usiweke jeki hapo. Nyanyulia kwenye fremu au ekseli, kamwe si kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Legeza nati za tairi robo mzunguko gari likiwa bado chini. Ukishanyanyua, weka stendi mbili, yaani vigoda vya chuma vya kushikilia gari juu, zenye uwezo wa tani 2 au zaidi mahali pagumu, shusha gari likae juu yake, kisha lisukume kwa mikono miwili ubavuni, kwa nguvu. Likitikisika au stendi ikinyanyua mguu, anza upya. Ni afadhali lianguke wewe ukiwa umesimama kando. Tairi ulilolitoa lisukume chini ya ubavu wa gari, liwe kinga ya pili.

Tofali naomba usitumie, la saruji wala la kuchoma. Tofali halipindi likakuonya. Hupasuka ghafla, na tetemeko dogo la kuvuta nati iliyoganda linatosha kulipasua. Stendi mbili si ghali ukilinganisha na kilicho chini ya gari, na majirani watatu wanaweza kuchangia jozi moja.

Jeki ya mafuta ipime kwanza: nyanyua gari kidogo, subiri dakika 10. Ikishuka yenyewe, sili, yaani mipira ya ndani inayozuia mafuta kuvuja, zimechoka. Usiijaze mafuta ya breki, yanaharibu sili hizo. Ina mafuta yake maalumu.

Usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu mzima karibu, watoto wawe mbali, na asiwepo mtu ndani ya gari. Gari likimwangukia mtu, msimvute. Gari linyanyuliwe kwa jeki nyingine, mkiweka mbao nene chini yake kila linapopanda, huku mmoja wenu akipiga 114, Zimamoto na Uokoaji. Mtu aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi, kwa hiyo jeki ya pili iwe tayari uani tangu mwanzo wa kazi.

Wakati wa kushusha, chungulia chini, nyanyua gari kidogo, toa stendi, fungua valvu ya jeki taratibu. Nati kaza kwa kuvusha, moja na ile inayoielekea, tairi likiwa limegusa ardhi. Ukishatembea kilometa 50 hadi 100, zikaze tena.