Maana ya kupunguza vipimo na matibabu yasiyo ya lazima katika huduma ya usingizi

Kupunguza vipimo na matibabu yasiyo ya lazima katika huduma ya usingizi (ile ya kumlaza au kumtia ganzi mgonjwa wa upasuaji) ni utaratibu ambao mgonjwa anayesubiri upasuaji hufanyiwa yale tu yanayoweza kubadilisha uamuzi wa daktari wa usingizi na ganzi. Kigezo chake ni swali moja: majibu ya kipimo hiki, yawe mazuri au mabaya, yatabadilisha nini? Ikiwa dawa zitakuwa zilezile, siku ya upasuaji ileile na uangalizi uleule, kipimo hicho hakina kazi, hata kama ni rahisi na kimezoeleka kwa miaka mingi.

Wengi husikia dhana hii na kudhani kwamba ni mbinu ya kubana matumizi. Gharama imo, lakini hoja yenye uzito zaidi ni madhara. Viwango vya kawaida vya vipimo vingi vya maabara huwekwa kwa namna ambayo watu wenye afya 95 kati ya kila 100 huangukia ndani yake, na watano waliobaki huonekana kuwa na kasoro ilhali si wagonjwa. Mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau jibu moja kutoka nje ya kiwango hufikia takriban asilimia 64. Jibu hilo likishaandikwa kwenye faili, hakuna anayethubutu kulipuuza: kipimo hurudiwa, upasuaji huahirishwa, bingwa mwingine huitwa, na pengine mgonjwa huishia kufanyiwa uchunguzi wenye hatari zake kwa ajili ya tatizo ambalo halikuwapo.

Ushahidi unaojulikana sana ulichapishwa mwaka 2000, kutokana na utafiti wa Marekani na Canada uliohusisha zaidi ya operesheni 19,000 za mtoto wa jicho. Kundi moja lilifanyiwa vipimo vya desturi kabla ya upasuaji, jingine halikufanyiwa, isipokuwa pale dalili zilipodai. Matatizo ya kiafya yalikuwa sawa katika makundi yote mawili, takriban 31 kwa kila operesheni 1,000. Ni kweli kwamba upasuaji wa jicho hauna damu nyingi na kwa kawaida hufanywa kwa ganzi, kwa hiyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye upasuaji mkubwa wa tumbo au kifua.

Mwaka 2013, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani kilitoa orodha ya mambo matano ya kuepukwa, chini ya kampeni ya Choosing Wisely ("Kuchagua kwa Busara") iliyoanza mwaka 2012. La kwanza ni vipimo vya damu vya desturi kwa mtu asiye na ugonjwa mkubwa anayefanyiwa upasuaji wenye hatari ndogo. Mawili yanahusu moyo: kumfanyia vipimo vya moyo mgonjwa wa moyo ambaye hali yake ni tulivu na hana dalili, anapokwenda kwenye upasuaji usio wa moyo wenye hatari ndogo au ya wastani, na kuingiza katheta, yaani mrija mwembamba, katika mshipa unaopeleka damu mapafuni kama jambo la kawaida katika kila upasuaji wa moyo.

Suala la damu ndilo linalozua mabishano zaidi. Orodha hiyo inashauri kwamba kijana mwenye afya, asiyeendelea kutokwa na damu, asiongezewe damu ikiwa hemoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ni gramu 6 kwa desilita au zaidi, ila akiwa na dalili au mzunguko wake wa damu ukiyumba. Kiwango hicho huwashtua waliozoea kufuata gramu 10. Hata hivyo, utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 1999 kwa wagonjwa 838 mahututi ulionyesha kwamba waliosubiriwa hadi hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 7 hawakufa zaidi ya walioongezewa ilipopungua chini ya 10. Damu ya mtu mwingine inaweza kuleta mzio, kuudhuru mfumo wa kupumua na kulemea moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayevuja damu wakati huohuo, hapimwi kwa kigezo cha kijana mwenye afya.

La tano ni dripu za koloidi, yaani maji yenye chembe kubwa zinazokusudiwa kubaki ndani ya mishipa ya damu, ambazo hazifai kutumiwa bila sababu maalumu. Zile zinazotengenezwa kwa wanga zilihusishwa na kuharibika kwa figo na vifo miongoni mwa wagonjwa mahututi, na mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa tahadhari dhidi yake.

Dhana hii haigusi mambo ya msingi. Kumhoji mgonjwa kwa makini, kukagua njia yake ya hewa, na kufuatilia oksijeni, shinikizo la damu na mapigo ya moyo wakati wote wa usingizi hakupunguzwi hata kidogo; kwa kweli, mahojiano mazuri ndiyo yanayoonyesha nani anahitaji kipimo. Mwenye kisukari atapimwa sukari, na anayetarajiwa kupoteza damu nyingi atapimwa kundi la damu.

Kinachoendeleza vipimo vya desturi, kwa maoni yangu, ni hofu zaidi ya ujinga. Mara nyingi anayeviagiza si daktari wa usingizi bali ni timu ya upasuaji, ambayo huagiza kila kitu mapema ili operesheni isije ikafutwa asubuhi kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Ndiyo maana hospitali zenye kliniki ya tathmini kabla ya usingizi huweza kuvipunguza kwa urahisi zaidi, kwa kuwa huko anayeamua kipimo ndiye atakayetumia majibu yake.