Betri ya moyo haiugeuzi moyo kuwa mashine

Wengi hapa Mombasa huamini kwamba aliyewekewa betri ya moyo, yaani kifaa cha kusaidia mapigo (pacemaker), moyo wake umekwisha kazi na anaishi kwa mashine. Kwa hiyo mzee akizimia kwenye foleni ya feri Likoni huambiwa ni joto tu, anywe dafu, asikubali kupasuliwa.

Joto kweli huzimisha watu. Lakini mapigo yakiwa ya polepole mno, ubongo hukosa damu ya kutosha, na hilo dafu haliliondoi. Kifaa chenyewe ni kidogo, hukaa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya wake hupitia mshipani hadi moyoni. Moyo ukichelewa, huushtua kidogo upige. Kwa kawaida ganzi ya mahali hapo hutosha, kifua hakifunguliwi.

Wala si kila mwenye mapigo ya taratibu anakihitaji. Mtu mzima akitulia, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Mwanariadha huweza kuwa chini ya hapo na akawa mzima kabisa. Baadhi ya dawa za presha nazo hupunguza mapigo. Usiziache mwenyewe, mpelekee daktari azione.

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, panapovaliwa saa, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima na kuandika. Aliyezimia aende hospitali hata hesabu ikiwa sawa, apimwe umeme wa moyo.