Namba ya DOI si muhuri wa tiba
Msimu wa korosho Mtwara na Lindi, kwenye magrupu haukosekani ujumbe wa aina hii: juisi ya mabibo (matunda ya mkorosho) inaponya kisukari, "imethibitishwa kisayansi", na chini yake namba ya DOI.

Namba hiyo haithibitishi tiba yoyote. Ni anwani ya kudumu ya andiko mtandaoni, basi. Hata rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu wengine hupewa. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana inafanana na namba ya usajili wa dawa.

Ikague hivi: inakili kuanzia "10." inayoianza, kisha kwenye kivinjari iandike baada ya https://doi.org/ Ikigoma, futa nukta iliyonasa mwishoni. Ikigoma tena, huenda imekosewa au imebuniwa. Ikifunguka, linganisha kichwa, waandishi na mwaka. Kisha usiishie kwenye ikisiri (muhtasari wa mwanzo), shuka hadi sehemu ya mbinu: walipimwa watu, wangapi, au ni panya wa maabara? Jumbe nyingi huangukia hapo. Itafute makala hiyo pia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, kwani makala iliyoondolewa na jarida huwekewa tangazo juu.

Hujakagua? Usisambaze. Na mwenye kisukari asiache dawa. Juisi ya mabibo yenyewe ina sukari.