Kukalibreti geji ya presha mwenyewe: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

"Mshale ukilala kwenye sifuri basi geji ni nzima." Hii utaisikia gereji, utaisikia kwa mafundi wa pampu za maji, na si kweli. Ndani ya geji nyingi za mshale kuna kibomba cha shaba kilichopindwa kama ndoano, aliyekipatia hataza ni Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, presha ikiingia kinataka kujinyoosha na kule kujinyoosha ndo kunavuta mshale. Kibomba kikichoka kinaweza kurudi vizuri tu kwenye sifuri alafu ukifika psi 30 (psi ni kipimo cha presha, kile cha tairi) kikakosea kwa 3 au 4. Sifuri ni alama moja, ya pale unapofanyia kazi hujaijua bado.

Sasa kuna wale wanaofungua kioo wanachomoa mshale wanaurudisha sifuri, wanasema tayari wameshakalibreti. Hapana jamani. Ukihamisha mshale umehamisha kila kitu kwa kiasi kilekile, inasaidia tu kama geji inakosea sawasawa toka chini mpaka juu, na hilo hujalipima. Kukalibreti ni kulinganisha geji yako na presha unayoijua kwa uhakika, kisha unaandika tofauti. Unaweza ukamaliza kazi bila kugusa skrubu hata moja, unabandika kikaratasi nyuma "ikisoma 30 ni 28", na hapo una geji ya kuaminika.

Wengine wanakata tamaa mapema, "bila mashine ya maabara haiwezekani". Kwa presha ndogo inawezekana, na kifaa chenyewe ni maji. Maji yaliyotulia yanatoa kama kilopaskali (kPa) 9.8 kwa kila mita 1 ya kimo, yaani psi 1.42, kwa hiyo mita 7 ni karibu kabisa na psi 10, mita 14 ni 20, mita 21 ni 30. Tafuta mpira wa maji unaoonyesha ndani, funga geji chini na tredi tepu isivuje, pandisha ncha ya pili juu kwenye ngazi za jengo na uiache wazi. Jaza maji kutokea chini ili hewa isukumwe itoke juu, maana povu likibaki limenasa kwenye mkunjo linakula kimo na geji yako iliyo nzima itaonekana mbovu. Alafu dondosha timazi, pima toka usawa wa maji kule juu mpaka katikati ya geji, wima, sio urefu wa mpira. Gonga kioo taratibu kwa kidole ndo usome. Soma ukiwa unapandisha kimo cha maji na usome tena ukikishusha, usishangae mbili hizo zikitofautiana kidogo, kibomba na vijigia vyake huwa vina ukaidi huo, ziandike zote.

Na hapa ndo watu wanabishana sana: "mpira mwembamba utatoa presha ndogo", "tanki la lita 5,000 lina presha kuliko la lita 500". Kama usawa wa maji ni uleule na koki zote zimefungwa maji hayatembei, presha chini ni ileile, unene wa mpira na ukubwa wa tanki haviingii kabisa. Tanki dogo lililo juu zaidi litalishinda kubwa lililo chini, kila siku.

Geji za kubonyeza kwenye valvu ya tairi hazifungiki kwenye mpira wa maji, hizo unazilinganisha na geji uliyokwisha kuipima, kwenye tairi moja iliyopoa. Ila usilinganishe tu na ya jirani ukaridhika kwa sababu zimekubaliana. Geji mbili za boksi moja zinaweza kukosea pamoja.

"Geji inayofika mbali ndo bora." Hii inawagharimu watu. Angalia usoni mwa geji utakuta kiandiko kama CL 1.6 au CL 2.5, hiyo ni kosa linaloruhusiwa, kwa asilimia ya kipimo chote, sio ya pale mshale ulipo. Geji ya bar 16 yenye 2.5 inaruhusiwa kukosea bar 0.4, karibu psi 6, hata ukiwa unapima tairi ya bar 2! Chagua geji ambayo kazi yako inaangukia katikati ya uso wake. Gliserini ndani inatuliza mtikisiko wa mshale, haiongezi ukweli wa kipimo, na ya dijitali kuandika 31.74 haimaanishi zile desimali ni za kweli.

La mwisho naliomba kwa dhati, si kila geji ni ya kujaribia nyumbani. Za boila, za mitungi ya gesi, za hospitali, peleka maabara ya vipimo ya shirika la viwango, TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya. Ya oksijeni ndo usiithubutu kabisa kuifunga kwenye pampu ya majaribio inayotumia mafuta, mafuta kidogo yakibaki ndani yakakutana na oksijeni yenye presha yanaweza kuwaka na kulipuka mkononi mwa mchomeleaji, na ikishaingia mafuta hata mara moja usiirudishe kwenye mtungi, itenge na uiandike wazi ili mwingine asiiokote akaifunga.